Landrova ya Nyumba ya Eda

Mume wangu alifariki akiwa ameacha mambo mawili hayajamalizika: ubishi wetu kuhusu kuongeza chumba cha uani, na landrova iliyokaa juu ya matofali mbele ya nyumba. Chumba sikukijali tena. Landrova ndiyo iliyokuwa ikinitazama kila nikisogea dirishani, na mwanamke aliye ndani ya eda hana pengine pa kusogea.

Nyumba iko Mpendae, na ni yangu mimi, nimeachiwa na baba yangu, kwa hiyo hapakuwa na la kuzungumza juu yake. Mali ya marehemu ilikuwa gari. Kwa miaka mingi aliiendesha kwenye mashamba ya nyuma ya Kizimbani, kule ambako masika yakianza njia inageuka uji na gari ndogo zinasimama mbali zikipiga honi. Yeye alikuwa akiingia mpaka kwenye mti wenyewe, anapakia shokishoki, ndizi na mafenesi, kisha anashuka nayo mjini. Mimi nilikaa pembeni yake. Wenye mashamba niliwajua mmoja mmoja. Nilijua nani anatia mabovu chini na mazuri juu, na nani akisema kesho ana maana ya wiki ijayo. Yeye aliendesha, mimi niligombana. Ndiyo kazi iliyotulisha, na tulikuwa wawili tu, maana Mungu hakutujaalia mtoto.

Mwaka wake wa mwisho gari ilianza kuchoka pamoja naye. Springi za nyuma zilikatika, breki zikawa za kuomba dua, na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ikawa inasaga kama kinu. Akaipandisha juu ya matofali akasema ataitengeneza mwenyewe kidogo kidogo. Maradhi hayakumpa nafasi. Kuku wa jirani wakahamia chini yake, na mmoja akatagia kwenye kiti cha dereva.

Baada ya khitma kaka yake akaja kuzungumza. Huyu shemegi yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kumaliza mambo. Akitoka mazikoni anauliza jembe limerudishwa wapi. Alikaa barazani, mimi ndani nyuma ya pazia, mama yao baina yetu kwenye kiti cha ukumbini. Mkwe wangu alikuwa amehamia kwangu ili nisikae eda peke yangu. Shemegi akasema amepata mnunuzi wa vyuma chakavu, yuko tayari kuja na lori lake, na pesa zitagaiwa kwa warithi kama sheria inavyotaka. Mali ya marehemu isiozee uwanjani, alisema, ni dhambi kwetu sote.

Nikamwambia gari hiyo naitaka mimi, fungu langu limo humo, nao waniachie mafungu yao. Akauliza mwanamke ataifanyia nini gari mbovu. Nikamjibu kwamba nitaifanyia ile ile niliyokuwa nikiifanyia nzima. Nilianza kupandisha sauti, mkwe wangu akakohoa, nikaishusha. Sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa na umri ambao hakuna anayekuajiri, na nilichokijua duniani ni mashamba yale na watu wake. Bila ya gari ile ningekuwa mama wa kuletewa futari na kuulizwa hali.

Shemegi akasema neno ambalo mtaa mzima ulikuja kulijua.

"Basi tungoje umalize eda. Siku hiyo ikitoka langoni kwa miguu yake mwenyewe, yako. Isipotoka, inakatwa."

Nikasema tumekubaliana. Miezi minne na siku kumi, gari juu ya matofali, mimi ndani ya nyumba, na pesa niliyokuwa nayo ilitosha kununulia springi au kula, si vyote viwili.

Fundi alikuwa rafiki wa marehemu tangu chuo cha Kurani, walipokuwa wakichapwa pamoja kwa kutojua sura zao. Gereji yake iko Jang'ombe, na siku zote alikuwa mtu wa sauti kubwa, akisalimia kutoka mwanzo wa mtaa. Alipokuja kuniitikia wito sikumjua. Alizungumza chini chini, na alisimama amelipa mgongo dirisha langu, ingawa pazia lilikuwa limeshushwa mpaka chini. Alisema malipo tutazungumza gari ikianza kuingiza, na kwamba vitu vya kununua dukani tusahau, tutatafuta vya mkononi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na sidhani kama kuna gari nyingine Unguja iliyotengenezwa namna ile. Mimi nilikuwa nikitaka kujua kila skrubu, na fundi hawezi kunitazama wala mimi siwezi kutoka kumwonesha kwa kidole. Mwanzoni mkwe wangu ndiye aliyekuwa akibeba maneno. Fundi anasema, "Mwambie shemegi bushi zimeliwa," na mkwe wangu, ambaye anasikia vizuri kuliko sisi sote, anageuka ananiambia bushi, ile mipira ya kushikia springi, zimeliwa, nami nimeshasikia zamani. Nikimuuliza bushi ngapi, anageuka tena. Siku moja alichoka akasema yeye si posta. Fundi akaamua kunipigia picha kwa simu. Anasimama hatua tatu kutoka dirishani, anapiga picha ya kipande, anaituma, simu yangu inalia mapajani, nami naijibu kwa kuandika. Mkwe wangu alikuwa akicheka mpaka akifuta machozi, kisha anakumbuka tuko katika msiba gani, anaomba msamaha kwa Mungu.

Kazi iliyoweza kuingia ndani iliingia. Fundi alileta makopo ya nati na bolti zilizokula kutu, tukazimwaga kwenye beseni la mafuta ya taa, nami na mkwe wangu tukakaa mkekani tukizisugua kwa brashi ya viatu. Tulizichambua kwenye sinia kama mchele, nzima huku, zilizokatika meno kule. Wanawake waliokuja kutoa pole walitukuta hivyo. Kuna jirani mmoja, pua ndefu na ulimi mrefu zaidi, akasema nyumba ya eda inanuka gereji. Nikamwambia udi umekatazwa, marashi yamekatazwa, wanja umekatazwa, lakini mafuta ya taa sijamsikia sheikh yeyote aliyeyaharamisha. Alikwenda kulieneza neno hilo mpaka likarudi kwangu limeongezwa chumvi, kwamba najitia dizeli badala ya marashi.

Sikujali. Nilishona viti kwa turubai iliyobaki, ndani nikatia sponji la godoro kuukuu. Nilishona na paa jipya, lile la zamani lilikuwa limetoboka hata nyota zikionekana, nikaweka na pazia za pembeni za kukunja, ambazo marehemu alikuwa akiziota kila mvua ikimlowesha bega. Fundi alikata bushi mpya kutoka kwenye tairi kuukuu. Springi alizipata kwenye lori dogo lililokufa, akazipunguza, akaongeza jani moja la chuma ili gari inyanyuke zaidi kwa ajili ya njia za masika. Taa aliziweka mpya za bei rahisi, zinazong'aa kuliko za zamani. Difu alikwenda nayo Jang'ombe, akaifungua, akabadilisha meno yaliyoliwa kwa meno ya gari nyingine, akairudisha akiwa ameibeba kwenye toroli amefunika kwa gunia. Ekseli ya mbele ilikuwa inataka vipuri ambavyo hatukuvipata, basi akaitoa shafti yake akaiweka kando, gari itembee kwa magurudumu ya nyuma mpaka tutakapojaaliwa. Rangi ilikuwa ya madirisha, kijani, iliyobaki tangu tulipopaka nyumba, na aliipaka kwa brashi, kisha akaishusha gari kutoka juu ya matofali.

Jambo moja tu lilinikera. Kila alipomaliza kitu nilimuuliza mbona hawashi injini tukasikia. Alinijibu kwamba nyumba ya eda haiungurumishwi. Nikamwambia hilo silijui katika vitabu wala mila. Akajibu kwa adabu ile ile, amelipa mgongo dirisha, kwamba yeye hatowasha, akimaliza atazungusha magurudumu kwa mkono na yakizunguka basi yamezunguka. Nilimtazamia mkwe wangu anisaidie, naye akasema mwache, anaheshimu. Nilikasirika, maana mtu akitengeneza redio anaisikiliza, na akipika anaonja. Lakini alikuwa akifanya kazi yangu bila ya malipo, na mwenye kuomba hachagui sana. Nikameza hasira zangu.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja asubuhi, nikaogeshwa, nikavaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza, wakanifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Niliishika kanga ile nyekundu nikaona aibu, kama nimevaa ya mtu mwingine. Baada ya sala ya alasiri wakaja wanaume. Shemegi alikuja amevaa kanzu safi, na nyuma yake, ng'ambo ya njia, likasimama lori la mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnyororo ulikuwa tayari umening'inia nyuma. Nilimuuliza shemegi kama amemleta yule bwana kunitisha. Akasema hapana, amemleta ili jambo lisivutike mpaka siku nyingine.

Aliizunguka gari mara mbili. Alipapasa viti, akakunja pazia akalikunjua, akagusa rangi ya kijani kwa ukucha. Fundi alifunga betri ya kuazima akataka kupanda kwenye usukani, nikamwambia ashuke. Marehemu alinifundisha kuendesha kule kule mashambani, na kama gari itanikataa, inikatae mimi.

Nikapiga stata. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikapiga tena, moshi mweusi ukatoka, kisha injini ikashika.

Sikuwa nimejitayarisha kwa mlio ule. Ni mlio wenye kishindo kidogo kila baada ya muda, kama mtu mwenye mafua, na nilikuwa nimeusikia kila jioni ya ndoa yangu. Mkwe wangu alikuwa ndani. Alitoka mbio kama msichana, akapita baina ya wanaume bila ya kuwatazama, akaenda moja kwa moja langoni akachomoa komeo na kulifungua lango wazi. Kisha akabaki pale na komeo mkononi, anaitazama njia, na uso wake ukaanza kubadilika.

Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu. Gari ikaenda nyuma.

Ikaangusha kamba ya nguo, ikagonga pipa la maji, watu wakaruka huku na huku. Nikakanyaga breki, nashukuru fundi alikuwa amezitengeneza. Nikadhani nimekosea mwenyewe kwa kukaa muda mrefu bila ya kuendesha. Nikatia gia ya pili kwa uangalifu. Nyuma tena, na kwa kasi zaidi. Nikaizuia kabla haijafika ukuta wa jikoni, nikaitoa gia, injini ikabaki ikinguruma pale pale. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekaa juu ya boneti ya lori lake akila embe, na alicheka kwa raha zake zote.

Fundi aliingia chini ya gari. Alipotoka alikuwa na kanzu ya Ijumaa imejaa vumbi, na alisema kwa ile sauti ya chini kwamba difu imekaa juu chini. Ameifunga kichwa chini, kwa hiyo magurudumu yanazunguka kinyume. Kwa mkono yalizunguka vizuri, kwa sababu mkono hauna mbele wala nyuma. Akasema apewe siku moja tu aifungue aigeuze.

Shemegi alitazama chini. Alisema makubaliano yalikuwa leo. Alisema kwa huzuni, namwamini, lakini alisema, na mnunuzi akaanza kushuka kwenye lori.

Hapo nikamgeukia fundi. Yale yote niliyoyameza nyuma ya pazia yalikuja kwa pamoja. Nilimwambia, mbele za watu, kwamba kama angeiwasha hata mara moja akatia gia angeliona kosa hili siku ile ile, na kwamba heshima yake imenitia hasara, na ni heshima gani hiyo ya kumwachia mjane gari inayokwenda kinyumenyume.

Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Haikuwa heshima, shemegi," alisema. "Nlishindwa. Kila nkiusikia mlio ule, nnajua anakuja yeye. Sikutaka kuusikia halafu nsimuone."

Nilimtazama mkwe wangu pale langoni na komeo lake, nikamtazama shemegi, ambaye alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta. Tulikuwa watu wanne tuliompenda mtu mmoja, na injini yake ilikuwa ikinguruma katikati yetu kana kwamba amekwenda dukani mara moja. Nilimkosa mume wangu wakati ule kwa uchungu ambao katika miezi yote ya kukaa ndani sikuwahi kuuhisi. Yeye angelicheka. Angelicheka mpaka akakaa chini, kisha angelitafuta njia ya kuitoa.

Ndipo nikafikiri kama yeye. Ikiwa za mbele zote zinakwenda nyuma, basi ya kurudi nyuma inakwenda wapi?

Nikaitia. Gari ikapiga kelele ile ya gia ya nyuma, kama mbuzi anayeburutwa, ikaanza kusogea mbele. Taratibu sana. Ililipita pipa lililoanguka, ikaburuta kamba ya nguo na shuka moja ambalo jirani alilianika kwetu, ikafika langoni. Mkwe wangu akasogea pembeni. Magurudumu ya mbele yakatoka, kisha ya nyuma, kisha nikawa nje, njiani, kwenye jua la alasiri, watu wa mtaa wamesimama milangoni. Nilikuwa sijaiona njia ile tangu jeneza lilipopita.

Mnunuzi wa vyuma alikuja juu akisema hii si kutembea, gari haitembei kwa gia ya nyuma, na yeye amepoteza mafuta ya lori. Kila mtu akamtazama shemegi. Alikuja mpaka mlangoni kwangu akaweka mkono juu ya rangi ya kijani.

"Mie nlisema itoke," alimwambia yule bwana. "Sikusema kwa gia gani. Ahadi ni deni."

Kisha akanambia mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba gari ni yangu, na nimlipe jirani shuka lake. Lori liliondoka. Fundi alikaa kwenye ukingo wa baraza akajifunika uso kwa kofia yake, na shemegi akaenda akakaa karibu naye, mabega yao yakigusana.

Nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Sikujua nifanye nini tena. Nilikuwa nimeihangaikia ile hatua ya langoni kwa muda wote huo, na sikuwa nimefikiri hata kidogo juu ya hatua ya baada yake. Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Mkwe wangu akapanda kwa shida, akakaa kwenye kiti nilichokishona, mahali pangu pa siku zote, akalitengeneza buibui lake.

"Twende," alisema.

Nikamwambia haina gia nyingine, itakwenda hivi hivi kwa mwendo wa kobe, na kelele zote hizi.

"Twende tu, mwanangu. Kwani nani anatungoja?"

Tulikwenda mpaka mwisho wa mtaa, watoto wakitupita kwa miguu, shuka la jirani likiburutika nyuma, na sisi wawili tulilia njia nzima bila ya kujifunika.